Maswali ya Wasomaji: Kangara ya matunda na mtambo wa mvuke

Barua zilizotufikia safari hii zinazunguka jambo moja: kukeneka (yaani kutoa kileo kwa kuchemsha na kupoza mvuke wake) kangara nzito ya matunda kwa kuipitishia mvuke, badala ya kuwasha moto chini ya pipa. Kwa asiyelizoea neno, kangara ni matunda yaliyokwisha kuchacha, maji na nyama yake pamoja, kabla hayajapikwa. Suala la leseni tumelijibu katika barua ya Newala. Atakayeanza kusoma aanzie huko kama hana karatasi mkononi.

*Sisi ni kikundi cha wasindikaji wa maembe, Makueni, na leseni tunayo. Kila tukipika kangara ya maembe ya Ngowe, chini ya pipa panashika na kuungua, na kinachotoka kinanuka moshi hata tukikirudia mara ya pili. Fundi ametuambia tuingize mvuke. Mtambo huo unaundwaje, na vipimo vyake ni vipi?*

Fundi wenu amesema kweli. Kangara ya embe ni uji, na uji haujipindui wenyewe kama maji. Nyuzi na nyama hutua kwenye chuma cha moto, zinashika, zinaungua, na harufu ile hupanda pamoja na kileo. Ikishaingia, hakuna kurudia kutakakoiondoa. Mvuke wa boila isiyo na shinikizo hauzidi nyuzi 100 au zaidi kidogo tu, kwa hiyo ndani ya pipa la kangara hapana mahali pa kuunguzia. Faida ya pili watu huisahau: moto unaweza kukaa mita 3 au 4 mbali na kileo, hata nyuma ya ukuta, kwa sababu kinachosafiri ni mvuke tu.

Mtambo una vyombo vitatu: boila, pipa la kangara na kipoozeo. Tuchukue mfano wa lita 40 za kangara yenye kileo cha asilimia 7, na moto unaoingiza kilowati 4 kwenye maji.

Boila iwe chombo cha stenlesi cha lita 50, kwa mfano kegi ya bia iliyonunuliwa kihalali. Tieni lita 30 za maji. Msitumie pipa la mabati lililopakwa zinki, wala pipa lililowahi kubeba kemikali au mafuta, wala boila ya kiwandani iliyotiwa dawa ya kuzuia kutu. Mvuke wake unaingia kwenye kinywaji, kwa hiyo boila ni chombo cha jikoni sawa na sufuria. Maji ya mvua ni bora kuliko ya kisima, kwani ya kisima huacha magamba meupe.

Juu ya boila patoke vitu vitatu. Cha kwanza ni bomba la mvuke, la robo tatu ya inchi. Cha pili ni koki ndogo ya hewa, ambayo kazi yake tumeieleza katika barua inayofuata. Cha tatu ni bomba la usalama, na hapa ndipo tunapowaomba msome polepole.

Bomba la usalama ni bomba lililo wazi juu na chini. Upana wake usipungue robo tatu ya inchi. Upande wa chini unashuka ndani ya maji mpaka sentimita 10 kutoka kwenye kitako cha boila. Upande wa juu unapanda mita moja na nusu juu ya usawa wa maji, halafu unapinda kwa elbo kuelekea kwenye ndoo, mbali na nyuso za watu. Halina koki, halina kifuniko, na asitokee mtu wa kuliziba kwa kitambaa eti linapoteza mvuke. Mvuke ukisukuma ndani ya boila, maji hupanda kwenye bomba hilo. Mita moja ya maji ni sawa na sehemu moja ya kumi ya baa (kipimo cha shinikizo), basi boila yenu haiwezi kupata shinikizo kubwa kuliko lile la mita moja na nusu, na ikizidi itatapika maji ya moto kwenye ndoo. Maji nayo yakipungua hadi usawa wa mdomo wa chini (katika kegi ya upana wa kawaida hapo zimebaki lita 11 au 12), mvuke hutoka kwa kishindo na kuwaambia mzime kabla boila haijakauka.

Sehemu ya juu ya bomba hilo wekeni mpira wa silikoni unaopitisha mwanga, ufungwe kwenye mti uliosimama wima. Mtaona safu ya maji ikicheza. Kama bomba la mvuke limezama sentimita 40 ndani ya kangara, safu itatulia kwenye sentimita 40 na kitu. Mkiona inapanda 60, 70, 80, kuna tundu linaziba huko chini. Kipimo hiki ni rahisi, na kwa kazi hii kinasema mengi kuliko geji ya duka.

Bomba la mvuke litoke boila, lipande hadi mita moja juu ya usawa wa kangara, ndipo lishuke ndani ya pipa mpaka karibu na kitako. Livikeni godoro la sufi ya kioo au magunia makavu, la sivyo mtachoma gesi kupasha hewa ya nje. Ndani ya pipa, mwisho wa bomba ufungwe tii yenye mikono miwili iliyozibwa ncha, kila mkono ukiwa na matundu 6 ya milimita 6, yakitazama chini. Vitabu vingi hupendekeza matundu ya milimita 3 au 4, nayo ni mazuri kwa juisi iliyochujwa. Kwa embe lenye nyuzi yataziba ndani ya nusu saa. Matundu yanayotazama chini hujisafisha yenyewe na kukorogea mashapo.

Pipa la kangara liwe la stenlesi au shaba nyekundu, lita 80 kwa kangara lita 40. Msishangae ukubwa huo. Mvuke ukiingia kwenye kangara baridi hugeuka maji. Kuipandisha lita 40 kutoka nyuzi 25 hadi 93 kunakula karibu kilo 5 za mvuke, basi kabla tone la kwanza halijatoka pipa limekwisha kuongezeka lita 5. Ongezeni na povu, maana embe na ndizi hutoa povu kama sabuni. Alumini iacheni, kwa sababu tindikali ya matunda huila.

Kifuniko msikifunge kwa boliti. Zibeni ukingo kwa donge la unga wa ngano lililokandwa na maji, juu yake uzito kidogo. Ganda la matunda likipanda na povu na kuziba njia ya mvuke, donge litapasuka na kupiga mluzi, nayo ni nafuu kuliko pipa kupasuka. Njia ya mvuke kutoka kifuniko hadi kwenye kipoozeo iwe pana, milimita 28 au zaidi, na walau kipande chake kimoja kiwe cha shaba, kwa sababu shaba hunasa harufu ya salfa ambayo stenlesi huiacha ipite.

Kipoozeo: mita 6 za bomba la shaba la nusu inchi, lililozungushwa ndani ya pipa la maji la lita 200. Lishuke tangu juu hadi chini bila kupinda juu popote, maana penye bonde pataweka maji na mtambo utakohoa. Kilowati 4 zitapandisha lita 200 kwa nyuzi 35 kwa muda wa saa mbili hivi. Kwa hiyo ama muwe na pipa la pili la kuongezea, ama mpitishe maji ya bomba kama lita moja na nusu kwa dakika, yakiingia chini na kutoka juu. Kitokacho mdomoni kiwe baridi mkononi. Kikitoka na moshi, punguzeni moto papo hapo, kwani huo ni mvuke wa kileo, ni mzito kuliko hewa na hutambaa sakafuni kwenda kutafuta moto.

Viungo vyote vya shaba vilehemiwe kwa lehemu isiyo na risasi. Rejeta ya gari isitumike kamwe kama kipoozeo. Ina risasi kwenye viungo na dawa ya injini ndani yake, na tindikali ya matunda huzitoa zote mbili.

Sasa mpiko wenyewe. Maji lita 30 kwa kilowati 4 huchemka baada ya dakika 40. Kupasha kangara ni karibu dakika 50, na mtasikia bomba likigonga kama nyundo, kisha sauti ikipungua na kuwa mngurumo wa chini. Mngurumo huo ukianza, punguzeni moto kidogo kwa dakika 10 kwa ajili ya povu. Kijiko cha chai cha mafuta ya kula kwenye lita 40 husaidia. Baada ya hapo rudisheni moto wote. Mpiko huu wa kwanza ni wa kuvuna tu, si wa kuchagua: pikeni haraka, zaidi ya lita 5 kwa saa.

Kinachotoka kitaanza na kileo cha asilimia 40 hivi na kushuka. Simameni kipimo kikifika asilimia 5, kipimajoto cha juu kikisoma karibu 99. Mtakuwa na lita 10 au 11 zenye wastani wa asilimia 24. Mkitafuta tone la mwisho mtachoma gesi bure. Jumla ya mvuke ni kilo 16 hivi, kwa hiyo boila yenye lita 30 za maji inatosha bila kuongezwa maji katikati. Muda wote unazidi saa tatu kidogo, na gesi ni kilo 2 hadi 2 na nusu kama jiko limezingirwa upepo. Mkitumia umeme, kumbukeni kilowati 4 ni zaidi ya ampea 17. Soketi ya kawaida ya ampea 13 itayeyuka.

Mkishapata mavuno ya mipiko mitatu, changanyeni na mpike mara ya pili polepole. Hapo hakuna nyama ya tunda, na pipa la moto wa chini linafaa kabisa. Katika lita 30 tupeni mililita 250 za mwanzo, halafu kusanyeni kwenye chupa ndogondogo za mililita 400, mzipange kwa namba na kuzinusa kesho yake. Zenye harufu ya gundi ni kichwa, zenye harufu ya kadibodi iliyolowa ni mkia, katikati ndio moyo. Kwa kawaida moyo huishia pale kipimo kinaposhuka chini ya asilimia 55. Embe zuri linajitambulisha lenyewe kwenye chupa ya tano au ya sita.

*Kayunga, Uganda. Tunapika mananasi kwa mvuke, tumesajiliwa. Juzi tulimaliza, tukazima jiko tukaenda kula. Kurudi, pipa la kangara liko nusu na boila imejaa maganda. Je, boila inavuta? Na kwa nini bomba linagonga mpaka majirani wanauliza?*

Inavuta, tena kwa nguvu. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke hujaza zaidi ya lita 1,600. Mkizima moto, mvuke ule unarudi kuwa maji na kuacha nafasi tupu, na nafasi hiyo hujazwa na chochote kilicho karibu. Kwenu kilicho karibu kilikuwa kangara. Chombo chembamba kingeweza hata kujikunja kama kopo la soda lililokanyagwa.

Dawa yake ni mambo mawili kwa pamoja. Fungueni koki ya hewa juu ya boila kabla ya kuzima moto, si baada. Aliye zamu asiondoke mpaka bomba la mvuke limetolewa kwenye kangara au koki iko wazi. La pili ni urefu wa kona ya bomba tuliowaeleza wenzenu wa Makueni. Ili kangara irudi ni lazima ipande mita nzima, ilhali hewa kupitia bomba la usalama inahitaji kushuka sentimita 16 tu za maji. Hewa itashinda kila mara. Tunavyoona kwenye mchoro mliotutumia, bomba lenu linatoka boila na kwenda moja kwa moja, bila kupanda, na bomba la usalama halimo kabisa. Hilo la pili ndilo kosa kubwa. Mmebahatika kwamba lililotokea ni kufyonza na si kupasuka. Msipike tena kabla ya kuliweka.

Kuhusu kugonga: mapovu ya mvuke yanapoingia kwenye kangara baridi hufa ghafla, na maji yanagongana mahali pao. Hukoma kangara ikipita nyuzi 70 au 80. Kugonga kwenyewe hakuna hatari kama bomba limefungwa imara, lakini hulegeza yunioni, yaani viungo vya bomba. Anzeni na mvuke kidogo, na kama mna joto la bure, tumieni maji ya moto yanayotoka juu ya kipoozeo cha mpiko uliotangulia kuzungusha nje ya ndoo za kangara inayofuata. Kila nyuzi 10 mnazopandisha mapema zinapunguza maji yanayoongezeka kwenye kangara kwa zaidi ya nusu lita.

*Dar es Salaam. Jirani ananiambia pombe ikipikwa kwa mvuke haina sumu, na kwamba ukimwaga kikombe cha kwanza methanoli yote imekwenda. Wengine wanawasha kijiko, moto ukiwa wa buluu wanasema ni salama. Lipi kweli?*

Hakuna hata moja.

Methanoli hutokana na pektini, kile kinachofanya jamu igande. Kimeng'enya kilichomo ndani ya tunda lenyewe huikata pektini na kuachilia methanoli wakati wa kuchacha. Mvuke hauiongezi wala hauiondoi. Methanoli peke yake huchemka kwenye nyuzi 64.7 na ethanoli 78.4, na hapo ndipo watu hudhani ya kwanza itatangulia yote. Ndani ya maji mengi mambo hubadilika. Methanoli hushikana na maji, kwa hiyo hutoka tangu mwanzo hadi mwisho wa mpiko, hata mkiani. Kikombe cha kwanza kinamwagwa kwa sababu kina asetaldehaidi na harufu ya gundi, na ni vyema kukimwaga, lakini hakikufanyi uwe na kinywaji kisicho na methanoli.

Kazi ya kuipunguza inafanyika kabla ya kuchacha. Menya tunda, chuja maganda na nyuzi, usitie kimeng'enya cha pektini cha dukani, na kama unaweza, pasha juisi hadi nyuzi 80 hadi 85 kwa dakika chache ili kuua kimeng'enya chake, kisha ipoze hadi 28 ndipo utie hamira. Usiache kangara ikae siku 15. Katika joto la pwani siku 5 hadi 8 zinatosha, na ikikaa zaidi inageuka siki.

Umoja wa Ulaya unaruhusu kwa kawaida gramu 1,000 za methanoli kwa kila hektolita ya kileo halisi katika pombe za matunda, yaani gramu 4 kwa lita ya kinywaji cha asilimia 40. Kwa tunda safi lililopikwa vizuri kiwango hicho hakivukwi kirahisi. Maafa makubwa kama yale ya Kenya mwezi Mei 2014, makumi ya watu walipokufa na wengine kupofuka, hayatokani na embe wala nanasi. Huwa ni methanoli ya viwandani iliyomiminwa kwenye kinywaji ili kukiongeza ukali.

Moto wa buluu haukuambii kitu. Methanoli na ethanoli zote huwaka buluu, na mchanganyiko wake pia. Kipimo cha kweli ni cha maabara, kwa mashine ya kromatografia ya gesi. Tanzania kuna TBS (Shirika la Viwango) na Mkemia Mkuu wa Serikali, Kenya kuna KEBS (shirika lao la viwango). Mtu aliyekunywa akaanza kuona ukungu machoni, kutapika au kuhema haraka saa 12 au 24 baadaye apelekwe hospitali usiku huohuo, na aseme alichokunywa. Asisubiri "kulala ili kimtoke".

*Kinachotoka kwangu kina rangi ya buluu-kijani. Nakunywa au namwaga? Msomaji, Kampala.*

Mwaga. Hiyo ni chumvi ya shaba. Mtambo umekaa na unyevu ukashika kutu ya kijani, au kangara yako imegeuka siki na mvuke wake unaila shaba. Chemsha maji yenye gramu 20 za unga wa ndimu kwa lita, pitisha ndani ya bomba zima mpaka shaba iwe na rangi ya ngozi ya kitunguu, suuza. Kisha pika mara moja maji matupu na utupe yatakayotoka. Baada ya kila mpiko kausha bomba kwa kulipuliza.

*Natokea Newala. Mabibo yanaoza mashambani kila msimu wa korosho. Nikiunda mtambo huu nyumbani nitakamatwa?*

Ndiyo. Tanzania Bara, kukeneka pombe bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Moshi ya mwaka 1966, na kumiliki mtambo wenyewe kunaweza kukufikisha mahakamani. Ukubwa wa sufuria hauibadilishi sheria hiyo. Kenya, Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 iliondoa marufuku ya chang'aa, lakini ikaweka sharti la leseni na viwango, kwa hiyo mtambo wa nyuma ya nyumba bado uko nje ya sheria. Uganda wana sheria ya enguli (pombe kali ya kienyeji) tangu 1965 yenye mkondo huohuo. Uingereza nako unahitaji leseni, na Marekani sheria ya shirikisho hairuhusu kukeneka kileo nyumbani hata kwa matumizi yako. New Zealand ndiyo iliyoruhusu tangu 1996, kwa matumizi ya mtu mwenyewe, si kuuza.

Hata hivyo swali lako lina uzito, kwa sababu bibo ni tunda linalotupwa kwa wingi wa kusikitisha. Kule Goa, India, wanalikamua na kupika feni, kinywaji kilichopewa ulinzi wa jina la kijiografia mwaka 2009. Wanachachua maji yake tu, bila nyama. Kikundi chenye usajili kinaweza kufuata njia hiyo, na kwa bibo tungependekeza hivyohivyo hata penye mvuke: kamua, chuja, acha makapi yaende kwa mifugo. Nyama ya bibo ina ukakasi unaobaki kooni, na nyuzi zake zitakuzibia matundu yote 12 ndani ya dakika 20. Maji yake yana sukari ya asilimia 10 hadi 12, basi usitarajie kangara ya zaidi ya asilimia 6. Asiye na leseni auze juisi na jamu. Vifaa vya kukamua na kuchuja ni vilevile.

*Hamilton, New Zealand. Nina plamu za bustani. Nizitoe kokwa au nizipike nazo?*

Kabla ya kupika zitoe, na wakati wa kuponda usizivunje. Ndani ya kokwa kuna kitu kinachotoa sianidi, na sianidi katika kileo hugeuka polepole kuwa ethili kabamati, ambayo haitakiwi kwenye chupa. Tia plamu kwenye mfuko wa wavu, ponda kwa mikono, chachua, kisha inua mfuko na kokwa zake. Kokwa zikibaki huzunguka chini na kugonga bomba la mvuke usiku kucha. Shaba kwenye njia ya mvuke husaidia hapa pia, mradi ni safi.

*Wete, Pemba. Mimi sitaki kileo. Boila hii naweza kuitumia kwa mafuta ya mchaichai na makonyo ya karafuu?*

Boila na bomba lake la usalama ni vilevile, chombo cha pili ndicho kinachobadilika. Mmea hauzamishwi. Unakaa juu ya wavu wa stenlesi, mvuke unaingia chini yake na kupanda katikati ya majani. Pakia kwa kubana sawasawa mpaka kwenye kuta, maana mvuke ni mvivu na utapita penye upenyo tu, uache robo tatu ya majani makavu kama yalivyoingia. Hapa hakuna povu, kwa hiyo unaweza kujaza mpaka karibu na kifuniko.

Mchaichai uliokatwa asubuhi uache unyauke kivulini nusu siku, ukate vipande vya sentimita 10, upike saa moja na nusu hadi mbili. Kilo 20 hutoa gramu 60 hadi 100 za mafuta, na ukipata zaidi ya hapo angalia vizuri kama hujahesabu maji. Makonyo yana mafuta mengi zaidi, kilo 5 hadi 6 kwa kila kilo 100 za makavu, lakini yanataka subira ya saa nyingi na boila itakayoongezwa maji ya moto katikati. Kwenu kiwanda cha Wawi, Chake Chake, kimebeba jina la makonyo yenyewe, basi si jambo geni.

Tofauti itakayokuchanganya iko kwenye chombo cha kutenganishia. Mafuta ya mchaichai ni mepesi kuliko maji, yanaelea, unayatoa juu. Ya karafuu ni mazito, yanazama, na ukiweka koki juu utamwaga faida yote chini. Tumia chupa pana ya kioo yenye koki ya chini kwa karafuu, na usitumie mpira wala plastiki popote yanapopita, kwani huzilainisha mpaka zikanata. Maji meupe kama maziwa yanayobaki bado yana mafuta. Usiyamwage, yarudishe kwenye boila ya mpiko unaofuata. Boila ikishaonja karafuu, ibaki ya karafuu.